Kombe Waliofika Kinoo

Mvua ilipochachamaa, watu walijazana kwenye vibaraza vya mtaa wa Biashara, Nairobi, na duka la viungo la Mzee Mabruki likapata wageni wasiotaka kununua chochote. Mahira, binti yake, alikuwa nyuma ya kaunta akipima bizari, akawaacha wajikunyate mlangoni. Lakini kijana mmoja hakusimama mlangoni. Aliingia moja kwa moja, shati jeupe limemgandama kifuani, tai imechungulia mfukoni, na mkononi ameshika mfuko uliokuwa ukidondosha maji kwenye sakafu iliyopigwa deki muda si mrefu.

"Sasa dada. Uko na lemongrass?"

"Mchaichai upo. Na huo mfuko wako unalia nini?"

Kweli mfuko ulikuwa ukilia. Ta. Ta. Kijana aliutazama kama mtu aliyeanza kuuogopa mzigo wake mwenyewe.

"Ni clams. Nimetoa hapo soko ya samaki. Jamaa ameniapia wako hai."

"Kombe."

"Kombe? Kama ya mpira?"

"Kama ya baharini." Mahira aliingiza mkono, hina ya siku ya Idi bado nyekundu vidoleni, akatoa mmoja. Kilikuwa kitu kidogo cha kijivu, makaka mawili yaliyokutana kama viganja vya mtu anayeomba dua. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Mahira aliugonga kwa ukucha, nao ukafumba. "Umeona? Ukimgonga akafumba, yu hai. Asipofumba, mtupe, hata kama ulimnunua kwa machozi. Wewe watoka wapi?"

"Naishi Satellite. Nyumbani ni Kinoo."

"Na Kinoo mmeanza kula kombe lini?"

"Kombe? Cucu wangu, nyanya yangu, hata samaki alikuwa anaita nyoka ya maji. Mimi ndio wa kwanza. Nikikufa mtanisomea."

Mahira alicheka, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake wa zambarau. Kijana akasahau kwamba amelowa. Alimwonyesha simu: mapishi ya Kithai, kombe wa kuiva kwa mvuke wa tui la nazi, mchaichai, tangawizi mbichi, pilipili na ndimu, na majani fulani yanayotupwa juu mwishoni.

"Hayo majani sijui nitatoa wapi."

"Hayo ni mrehani, au nduguye. Nyanya yangu huyavaa kichwani." Aliingia nyuma akarudi na kishada kibichi, duka zima likanukia. "Chukua. Hatuuzi hayo. Na upike leo leo, wasilale kwako. Jina lako?"

"Ndungu."

"Mimi Mahira. Nitakuandikia nambari. Ukiunguza, nipigie kabla hujaita zimamoto."

Alipiga baada ya Maghrib, na sufuria ilisikika kabla ya sauti yake.

"Hello, mwalimu. Tui inachemka. Nimerusha mchaichai, tangawizi, pilipili tatu."

"Tatu? Wewe una wazimu. Haya, watie kombe, ufunike. Usifunue."

"Nikitaka kuona?"

"Mahaba ya kuchungulia hayaivishi chungu. Tulia."

Walitulia wote wawili, yeye jikoni kwake Satellite, Mahira chumbani kwake akiwa amejilaza na simu sikioni, wakisikiliza mfuniko ukicheza. Kisha Ndungu akafunua, akashusha pumzi. "Wamefunguka, Mahira. Wote. Wamefunguka kama maua." Alionja, kisha akatema. "Tamu, lakini nimetafuna mchanga kama wa kujenga."

"Kombe hutema mchanga akilazwa kwenye maji ya chumvi. Siku nyingine nitawalaza mwenyewe."

"Kumbe iko siku nyingine," Ndungu akasema, na Mahira akajua amenaswa.

Ilikuwako siku nyingine kweli, na nyingine baada ya hiyo. Ndungu alikuwa karani wa bima katikati ya jiji, na kila saa ya chakula cha mchana aligeuka mteja wa iliki. Aliikunja mikono ya shati, akamsaidia Mahira kushusha magunia, akamwita mwalimu, kisha mrembo, kisha mpenzi. Mahira alimwita karani wangu. Mzee Mabruki, mtu wa Faza, kule visiwani pwani, aliyekuja Nairobi kijana na kuzeekea nyuma ya mizani, aliona yote hayo bila kuinua macho. Siku Ndungu alipomfuata nje ya msikiti akamwambia, bila kupepesa, kwamba anampenda binti yake na yuko tayari kusilimu, mzee alimjibu, "Kwanza jifunze unachokitaka." Kuanzia hapo, kila Ijumaa walitembea pamoja mpaka dukani, kijana akiuliza na mzee akijibu.

Ndoto ya Ndungu ilikuwa chumba cha chini katika nyumba ya kupangisha ya mama yake pale Kinoo, kinachotazama Waiyaki Way. Angeacha bima, afungue mkahawa wa vyakula vya baharini kwa tui na mchaichai, yeye na Mahira. Bila chumba kile hakukuwa na mkahawa, na bila mkahawa hakukuwa na ndoa. Mzee Mabruki alikuwa amesema wazi kwamba hatamwoza binti yake kwa mtu ambaye mama yake mwenyewe hamwamini na chochote.

Na Mama Wangui hakumwamini mwanawe. Aliwahi kumjengea banda la kuku, na kuku wote wakafa kwa kuwa Ndungu aliwahurumia baridi akafunga kila tundu la hewa. Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja kwake. "Kitu ingine ikifia kwa mkono yako, usiwahi niomba kitu tena." Habari ya kusilimu ndiyo ilikuwa imemtia nyongo zaidi. Hata hivyo, Ndungu alipombembeleza sana, alikubali kwa sharti.

"Mlete huyo msichana wako Jumamosi. Apike hiyo konokono mbele yangu na kina mama wa ushirika. Nikikula na nikipenda, chumba ni yako. Nisipopenda, tusisikie hii story tena."

Mahira alipomweleza baba yake, mzee aliinuka akapiga simu Faza. Mdogo wake aliingia kwenye matope ya mikoko maji yalipokupwa, akaokota kombe mmoja mmoja kwa mkono, akawafunga ndani ya gunia lililoloweshwa maji ya bahari, akawavusha kwa mashua mpaka bara na kuwapakia basi. Ijumaa asubuhi gunia lilifika mjini. Mzee Mabruki alikaa kwenye kigoda, akawagonga wote mmoja mmoja kwa ukucha. Aliwatia kwenye ndoo yenye maji ya chumvi, akamkabidhi Ndungu kwa mikono miwili.

"Mpelekee mama yako. Mwambie ni salamu zangu."

Ndungu aliipokea ndoo na macho yake yakalowa. Alijua maana yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia ndiyo waziwazi, lakini ile ndoo ilikuwa ndiyo.

"Walale humo humo," Mahira alimwambia mlangoni. "Usiwaguse mpaka nije."

Jumamosi alifika Kinoo mchana, amevaa gauni refu la kijani kibichi na mtandio wa rangi ya maziwa, kikapu cha nazi na mrehani mkononi. Sebuleni walikuwa wameshakaa kina mama watano, vitenge vimenyooka, na Janice, dada yake Ndungu, ameshika simu tayari kurekodi. Mama Wangui hakuinuka. Alimtazama kuanzia viatu mpaka mtandio, akasema, "Karibu. Jikoni ni huko."

Jikoni Ndungu alimpokea kwa kicheko, akamvuta kwenye sinki. "Njoo uone vile nimekutunzia."

Beseni kubwa jeupe lilikuwa limejaa maji safi, yameng'aa kama kioo. Ndani yake kombe walikuwa wamelala, midomo wazi.

Mahira alimtoa mmoja. Akamgonga. Akamgonga tena. Akamchukua mwingine, na mwingine.

"Ndungu. Haya maji umeyatoa wapi?"

"Ni ya borehole yetu, kisima ya hapo nyuma, tamu sana. Yale yako yalikuwa yamekuwa chafu, wametapika mchanga yote. Nikaona hawawezi lala kwa uchafu. Nimewabadilishia usiku yote, mara ngapi sijui. Leo hakuna mtu atatafuna mchanga." Alimtazama usoni. "Nini?"

"Wamekufa."

"Zii, haiwezi."

"Maji yako matamu yamewaua, karani wangu. Hawa ni wa chumvi."

Ndungu aliingiza mikono yote miwili kwenye beseni kama anayetaka kuwaamsha. Uso wake ulikuwa uso wa mtoto. Mahira, ambaye alikuwa na haki ya kulia kwa hasira, alijikuta anataka kumkumbatia. Nani mwingine duniani angekesha akiwabadilishia kombe maji kwa huruma? Alimgusa shavu kwa mgongo wa kiganja.

"Usilie. Tutawaambia tu."

"Hapana." Alimshika mkono. "Mahira, Mama akijua ni mimi, imeisha. Ni kuku tena. Chumba imeenda, wewe umeenda. Niahidi hutasema ni mimi."

"Na tutasema nini?"

"Niachie. Mimi nitajua la kusema. Wewe nyamaza tu. Niahidi."

Sebuleni mtu aliuliza kama konokono wamekimbia.

"Naahidi," Mahira akasema.

Aliwatupa kombe wote. Alikuna nazi, akakamua tui, akaponda mchaichai na tangawizi, akapika supu ile ile bila wenyewe. Harufu ilipopanda, hata kina mama sebuleni walinyamaza kidogo. Ilikuwa supu nzuri. Lakini bakuli zilipofika mezani, vijiko vikazama na kurudi mikono mitupu.

"Hii ni maji ya kuogesha mtoto?" aliuliza Mama Stacy, aliyeketi karibu na Mama Wangui.

"Mimi niliambiwa kuna nyama ya bahari," mwingine akasema. "Ama imekunywa maji ikarudi kwao?"

"Kama ni supu tu, Stacy wangu angepika na chapati," Mama Stacy akaongeza, akimtazama Ndungu kwa upole wa kumuuzia.

Mama Wangui aliweka kijiko chini. "Ndungu. Hizo vitu ziko wapi?"

Mahira alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Alingoja. Alijua Ndungu atasema walikufa njiani, au joto la basi, neno lolote lisilo na mwenyewe. Ndungu alitazama mama yake, akatazama simu ya Janice iliyomwelekea, kisha akacheka, kicheko ambacho Mahira hakuwahi kukisikia.

"Mama, mzee wa Mahira alitutumia maiti. Ndoo mzima. Labda huko kwao ndio salamu."

Meza ililipuka. Mama Stacy alijipiga paja. Janice alisogeza simu karibu zaidi, akisema, "Rudia hapo, salamu za mkwe."

Naye akarudia.

Mama Wangui hakucheka. Alimgeukia Mahira, na sauti yake ikawa ya taratibu, ya mtu anayesoma tangazo la mazishi. "Msichana, enda umwambie baba yako tumbo zetu si jaa la pwani. Mtu anatuma uozo kwa nyumba ya watu halafu anataka kuitwa mkwe. Na wewe umesimama hapo. Huna kitu ya kusema?"

Alikuwa nacho. Kilikuwa kimefika kooni. Mahira alimtazama Ndungu, na Ndungu akainamia bakuli lake akaanza kunywa supu.

"Sina, Mama," akasema.

Alichukua kikapu chake. Hakuna aliyemsindikiza mpaka getini.

Simu ililia kabla hajafika mjini.

"Babe, usikasirike. Ilikuwa mzaha tu. Kina mama wote walicheka, uliona? Mama baadaye akasema angalau nimejua kuwafurahisha wageni. Mahira, nadhani atanipa chumba."

"Na baba yangu?"

"Baba yako hayuko kwa group yenye Janice ametuma. Video ni ya familia tu."

"Umemwita mtuma maiti."

"Ningesema nini? Wewe mwenyewe uliahidi."

"Mimi niliahidi kunyamaza. Sikuahidi utamtukana."

"Mpenzi..."

Mahira alikata simu. Ilipolia tena, aliizima.

Video ya familia ilifika mtaa wa Biashara Jumatatu. Fidel, muuza viatu wa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyeileta, akiicheza kwa sauti ya juu, na kufikia adhuhuri wapagazi walikuwa wakipita mlangoni wakiuliza kama maiti wameshaingia stoo. Mteja wa miaka mingi, mwanamke aliyenunua pilipili manga pale tangu Mahira akiwa mdogo, alinusa mfuko wake mbele yao kabla ya kulipa. Kutoka Faza mdogo wake mzee alipiga simu, sauti imekauka, akiuliza ni kosa gani walilofanya.

Alasiri Mzee Mabruki alikaa kwenye kigoda kile kile. Aliishika simu mbali na macho, akaitazama video mpaka mwisho, kisha akaiweka juu ya mizani.

"Mwanangu, mimi niliwagonga kwa mkono huu. Walikuwa hai."

"Walikuwa hai, baba."

"Basi wamefia wapi?"

Mahira aliiondoa simu juu ya mizani. Nje Fidel alikuwa akiimba jina la mzee kwa mahadhi ya mnada.

"Nimeahidi kutosema, baba."

Mzee alimtazama muda mrefu. Alizaliwa kwenye maji ya chumvi, na hakuhitaji kuelezwa maji ya kisima humfanya nini kombe. Jibu lilionekana likishuka usoni pake hatua kwa hatua, mpaka mabega.

"Umeahidi kitu kibaya," akasema.

"Najua."

"Kwa mtu mbaya?"

Mahira alitaka kusema hapana. Alikumbuka ile mikono miwili ndani ya beseni. "Kwa mtu mwoga."

"Basi umeahidi." Aliinuka, akafunga duka mapema, na kwa mara ya kwanza hakumjibu Fidel utani wake.

Wiki mbili Ndungu alipiga, akaandika, akatuma sauti za kubembeleza. Mwalimu, nimekosa usingizi. Mrembo, nijibu hata tusi. Mahira alizisikiliza zote, akalia kwa baadhi, asijibu hata moja. Mapenzi hayakuwa yamemtoka, na hilo ndilo lililomchosha. Kila mtu mrefu mwenye shati jeupe aliyepita mlangoni alimpasua moyo, halafu akawa mtu mwingine.

Alhamisi moja alikuwa yeye. Lakini hakuja peke yake. Mama Wangui alitangulia kuingia, koti la kijivu, mkoba mweusi, miwani ya fremu ya dhahabu. Aliangalia magunia, akaangalia mizani, akamwona mzee nyuma ya ile mizani.

"Wewe ndiye Mabruki."

"Ndiye mimi. Karibu kiti."

"Sitakaa." Alimgeukia Mahira. "Mimi si mjinga. Nilipata beseni yangu kwa sinki, na mchanga chini, na kitu imekufa haitemi mchanga. Namjua huyu kijana wangu. Aliniulia kuku akiwapenda. Nimemuuliza, anaapa ilikuwa baba yako. Nimemuuliza tena, anaapa tena. Kesho ndio nampa chumba, na mimi sitaki kupea mwongo chumba yangu. Kwa hivyo nimekuja kwako."

Ndungu alisimama karibu na gunia la mdalasini, shati safi, viatu vimepigwa rangi. Alikuwa amekonda. Alimtazama Mahira mara moja tu, na macho yake yote yakawa maombi.

"Sema ni yeye," Mama Wangui aliendelea, "na saa hii, nikiwa nimesimama hapa, natuma sauti kwa hiyo group. Nitaomba baba yako msamaha kwa jina lake, na Janice aitume kila mahali alituma ile ingine. Ukinyamaza, basi ni baba yako. Na mimi nitasema ni baba yako mpaka nizikwe."

Hata wapagazi mlangoni walikuwa wamesimama kusikiliza. Mahira aliona mkono wa baba yake umeshika ukingo wa mizani, ule mkono uliowagonga kombe wote. Neno moja, na mkono ule ungetakata. Alimgeukia Ndungu, akampa nafasi aliyokuwa amemtunzia wiki mbili nzima.

"Ndungu, una neno?"

Alifungua mdomo. Mahira aliliona neno likija, akaona koo lake likilipandisha. Kisha Ndungu akatazama mkoba wa mama yake, ambamo ufunguo wa chumba ulikuwa.

"Mama, twende," akasema. "Tunawachelewesha watu kazi."

Mahira alipumua. Neno lile lisilosemwa lilimwuma kuliko alivyodhani lingeweza kumwuma.

"Sina la kusema, Mama," akajibu.

Mama Wangui alimkazia macho, na kwa kitambo uso wake ulikuwa karibu na huruma. Halafu ukafumba. "Nilidhani uko na akili," akasema, akatoka.

Ndungu alibaki nyuma. Alisogea mpaka kaunta, akanong'ona, sauti inakatika. "Asante. Wallahi asante, mpenzi. Nitakulipa hii maisha yangu yote. Nikishafungua, Ijumaa nikuje nimwone mzee, tuongee, tuanze upya. Sawa? Si bado unanipenda?"

"Nakupenda," Mahira akasema, naye Ndungu akamwamini, akatabasamu. "Lakini usije Ijumaa. Usije tena. Nilikupa ahadi moja, nimeitimiza. Zaidi ya hiyo sikudai kitu, wala huna cha kunidai."

"Mahira."

"Mama yako anakungoja."

Alitoka akitembea kinyumenyume, kama asiyeamini mlango uko pale. Mzee Mabruki alichukua kitambaa, akaanza kufuta mizani ambayo haikuwa chafu, na Mahira akasimama kando yake, bega kwa bega, machozi yakimdondoka kwenye kaunta bila yeye kuyafuta.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichungulia mlangoni alijipenyeza kati ya wapagazi. Alitazama bango la jina juu ya rafu, akamtazama mzee, akamtazama Mahira.

"Nyinyi ndio wale wa kombe za maiti?"

Mahira alifuta uso kwa mtandio, akachukua kijiko cha kupimia.

"Ndio sisi," akasema. "Nikupimie nini?"